Kiti Kilichoupa Ubao Mgongo

Kabla hamjaanza kuicheka simu yangu ya vibonyezo, ninyi walimu vijana mnaojirekodi mkiwa mmechana nywele na kufunga tai, niwaulize kitu kimoja: mtu asiyekuona anaelewa unachosema? Msijibu haraka. Mimi nilidhani ninalo jibu, Prof Anselme alidhani analo zaidi yangu, na wote wawili tulipata aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka nacheka peke yangu jikoni.

Nilikuwa katibu wa shule ya sekondari huko juu, kwenye milima ya Masisi. Kazi yangu ilikuwa kupiga taipu na kuzungusha mashine ya stensili, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuwa na blauzi nyeupe iliyobaki nyeupe. Vita vilipotukimbiza mara ya kwanza, tulirudi tukaikuta mashine mahali pake, ila mpini wake wa kuzungushia haupo. Nimewaza sana juu ya huyo mtu aliyekimbia vita akiwa amebeba mpini wa mashine. Natumaini ulimfaa. Kwa hiyo msinisifu kwamba nilikuwa mbunifu. Nilianza kurekodi masomo kwa sababu sikuwa na mpini wa kuchapisha notisi.

Na notisi zilihitajika mbali. Barabara ya kwenda Walikale ilikuwa imefungwa, na upande ule kulikuwa na shule iliyobaki na wanafunzi wa mwaka wa sita bila mwalimu wa hesabu. Prof wao alikuwa amehama na familia yake na hakuna aliyekuja kushika nafasi yake. Mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, huo mnaouita Exetat, ulikuwa unakuja, vita viwepo visiwepo. Bila hesabu hakuna diploma. Katika darasa hilo alikuwemo msichana mmoja aitwaye Riziki.

Riziki alikuwa binti wa kwanza wa Prof Anselme, prof wetu wa hesabu. Alikwenda Walikale kwa bibi yake kupumzika wiki mbili za likizo. Barabara ikafungwa nyuma yake, wiki mbili zikawa mwaka na zaidi. Wanawake wafanyabiashara walipita kwa miguu na mizigo yao, lakini msichana wa umri wake hakuna mzazi aliyethubutu kumpitisha kule. Basi akajiandikisha shule ya hukohuko, na baba yake akabaki na neno moja tu. Kila Jumatatu aliingia ofisini kwangu kuchukua chaki na kulisema.

"Apate diploma, arudi nyumbani."

"Atarudi, Prof."

"Bon, sawa," anasema, anaondoka.

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake marefu. Anselme alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye koti moja la kijivu lenye chaki mfuko wa kulia na chaki mfuko wa kushoto. Ubaoni alikuwa bingwa. Aliweza kuchora duara kwa mkono mtupu na wanafunzi wakapiga makofi. Lakini nje ya darasa alisalimia kwa kidevu. Mke wake aliwahi kuniambia, "Mama Bernadette, ule bwana anaongeaka na tablo yake ya chaki kuliko na mimi."

Sasa niwaeleze jinsi tulivyofanya, kwa sababu najua kuna kati yenu wanaofundisha mahali ambapo hakuna umeme, na mtandao ni hadithi.

Simu ilikuwa yangu, ndogo, yenye kadi ya kumbukumbu ya ukubwa wa ukucha. Somo la kwanza kabisa nililorekodi lilikuwa la historia, saa nane mchana. Mnaijua mvua ya Masisi, na mnayajua mabati. Nilipata dakika arobaini za mvua safi, na katikati yake sauti ya mtu anayeita kwa mbali kama ametumbukia kisimani. Nikahamia asubuhi. Asubuhi hakukuwa na mvua, lakini dirisha lilitazama malisho. Prof wa historia aliuliza swali, akanyamaza kusubiri jibu, ng'ombe akajibu. Wanafunzi wa Walikale waliniandikia kwamba wanaomba kujua jina la mwanafunzi yule mwenye sauti nene.

Ukiiweka simu mezani inasikia meza: kila prof anapoweka kitabu, msikilizaji anaruka. Niliiweka juu ya kitambaa kilichokunjwa, ikawa afadhali. Mwishowe nilimvalisha prof mwenyewe shingoni kwa kamba ya kiatu, na hapo sauti ikatoka vizuri. Anselme aliponiona nakuja na kamba alirudi nyuma.

"Unanifunga sawa mbuzi wa soko?"

"Mbuzi wa soko hana diploma, Prof. Inama."

Akainama.

Aliyebeba kadi alikuwa Mama Kavira, Mnande wa Butembo, mwenye duka dogo karibu na shule na rozari mkononi kama saa. Alinunua samaki wakavu Bweremana, akawapandisha kwetu, akawapeleka Walikale, akarudi na mawese. Kwake dukani kulikuwa na bamba la jua, na hapo ndipo nilipochaji simu. Mwanzoni kadi aliitia ndani ya kiberiti. Kwenye kizuizi kimoja njiani mtu mwenye bunduki alitaka kuwasha sigara, akachukua kiberiti chote na kukitia mfukoni, akabaki na masomo manne ya kemia. Mama Kavira alirudi amekasirika kweli. "Ata asante hakusema!" Kuanzia siku hiyo tuliifunga kadi kwa karatasi ya plastiki na kuificha nyuma ya betri ya simu mbovu, iliyopasuka kioo, ambayo hakuna mtu angeitamani. Njia hiyo haikutuangusha hata mara moja.

Kosa jingine lilikuwa langu. Nilirekodi somo zima bila kukata, faili likawa zito, na kule walipoanza kupeana kwa blutuzi kutoka simu hadi simu, mtu angeweza kumenya ndizi za familia nzima kabla halijafika nusu. Nikaanza kukata kila baada ya robo saa. Hapo faili zikawa nyingi, na simu ikazipanga inavyotaka yenyewe. Wanafunzi walisoma mwisho wa somo Jumatatu na mwanzo wake Alhamisi. Nikaweka sheria: kabla ya lolote, prof ataje jina la somo, namba ya kipande, kisha anyamaze kidogo ili watu wachukue karatasi. Maprofesa wengine walinung'unika. Mimi nilikuwa na ufunguo wa sanduku la chaki, kwa hiyo walinung'unika kidogo tu.

Basi nilijiona fundi. Mambo yanaenda, Mama Kavira anapita, historia inaeleweka, biolojia inaeleweka. Kisha ikaja barua.

Ilikuwa karatasi moja ya daftari, imekunjwa mara nyingi. Nilimpa Anselme, akaisoma, akanirudishia, nami nikaisoma. Ilisema hivi:

"Prof. Tulisikiliza somo la kumi na mbili mara saba. Ulisema: hii inashuka mpaka hapa, halafu inapita karibu na hii lakini haiigusake, halafu inaenda huku. Tunaomba kuuliza. Hii ni gani? Hapa ni wapi? Hii ya pili ni ile ya kwanza ao ni ingine? Huku ni wapi? Wanafunzi wa mwaka wa sita."

Chini yake majina yote, yamepangwa kwa alfabeti. Mwandiko wa barua tuliujua sote wawili. Ulikuwa wa Riziki.

Nilicheka. Sikupaswa kucheka, lakini nilicheka mpaka nikashika meza. Mwaka mzima tulikuwa tunawapelekea watoto wale kidole cha mtu, bila kidole. Anselme aliona haya mpaka masikio. Alichukua chaki zake akatoka.

Siku ile ile, masomo yalipokwisha, nikachukua kiti cha ofisini nikakiweka katikati ya darasa lake, mgongo kwa ubao, uso kwa ukuta wa nyuma. Nikakaa na karatasi na kalamu, nikamwita.

"Fundisha somo la kumi na mbili. Mimi sitageuka. Nitachora vile nasikia. Kama naweza kuchora, tunatuma. Kama siwezi, tunarudilia."

"Mama Bernadette, wewe ulikimbiaka hesabu tangu primeri. Ni wewe njo utanipima?"

"Njo vile nafaa, Prof. Kama mimi naelewa, ata ule ng'ombe wa dirishani ataelewa."

Alifundisha. Nilijitahidi, Mungu ni shahidi. Nilichora mstari ukishuka, nikachora mwingine ukipita karibu, nikafika penye "huku" nikaamua kwenda kushoto kwa sababu karatasi ilikuwa na nafasi kushoto. Mkuu wa shule alipita, akaangalia begani kwangu, akauliza kama hiyo ni ramani ya shamba lake. Anselme alikuja kuona.

"Mimi siko radio," akasema. "Miaka yote hii nafundisha na tablo. Hesabu bila tablo haiko hesabu. Mutafute muntu mwingine."

Akavua kamba ya kiatu shingoni, akaiweka juu ya kiti, akaenda kwake. Siku tatu hakuingia ofisini kwangu, hata kwa chaki. Jumatatu ikapita bila lile neno lake. Nami nilijua kwamba mtihani uko karibu, kwamba hakuna prof mwingine wa hesabu katika mlima mzima, na kwamba kule mtoto wake anasikiliza kitu asichokielewa mara ya nane, ya tisa. Niliumia, kwa sababu nilimcheka. Ndiyo maana nawaambia vijana, mkimkosoa mtu mwenye ujuzi, chekeni nyumbani.

Siku ya nne nilimfuata kwake. Nilimkuta uani anachonga mpini wa jembe. Nikamwekea barua mbele yake.

"Nimeisoma," akasema.

"Najua."

Akaendelea kuchonga. Kisha, bila kuniangalia, akasema kilichokuwa kinamuuma, na hakikuwa kiti changu.

"Mama, anaandika 'Prof.' Ata 'Papa' hakuna. Ata salamu hakuna."

"Salamu atakuandikia siku atakuelewa," nikamjibu.

Lilikuwa neno kali, na nilipolisema nilitamani kulirudisha. Mke wake alitoka mlangoni akasimama. Anselme akaacha kuchonga. Mimi nikaaga nikaondoka, nikijua kabisa kwamba nimeharibu.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kengele, nilikuta kiti changu kiko tayari katikati ya darasa, mgongo kwa ubao, na Anselme amesimama mbele na kamba ya kiatu shingoni.

"Kaa," akasema. "Karatasi ya sentimeta, ile ya miraba, iko?"

Tulifanya kazi ile wiki baada ya wiki. Alianza kusema vitu kwa majina yake. "Chora mustari wa kulala, urefu wa kiganja. Katikati yake tia nukta, uiite O. Kwa O, pandisha mustari wa kusimama." Mwanzoni alikuwa anasahau, mkono unanyoosha kidole, sauti inasema "hapa", nami napiga kiti kwa kalamu: to! Anarudia. Nilichora nyumba za kuku, mikia ya ng'ombe, na mara moja kitu ambacho mwanafunzi mmoja alisema ni mimi. Lakini polepole michoro yangu ikaanza kufanana na ya ubaoni. Siku niliyochora ule mstari uliopinda wa somo la kumi na mbili, na ule mnyoofu unaopita karibu bila kuugusa, Anselme aliweka karatasi yangu kando ya ubao, akaangalia huku na huku, akacheka. Katika miaka yetu yote sikuwahi kumsikia akicheka. Kicheko chake kilikuwa chembamba kuliko nilivyotarajia.

Na niwaambie jambo ambalo mke wake alinieleza dukani kwa Mama Kavira, tukiwa tumeshikana mikono na kucheka. "Mama, umenipa bwana mwingine! Sasa kwa meza anasema: 'Naomba chumvi, iko kuume kwa sufuria, nyuma ya kikombe.' Juzi amenieleza ginsi alikuwa anaogopa siku ya ndoa yetu. Miaka yote hii sikujuaka!"

Kadi ya mwisho ilikuwa na masomo matatu, na Mama Kavira alikuwa anaondoka Alhamisi. Angekosa safari ile, kadi isingefika kabla ya mtihani. Mawili yalipita vizuri. La tatu nilishindwa kulichora mara nne. Nje mawingu yalikuwa yanajikusanya, na mvua ikianguka juu ya mabati ndiyo basi. Mama Kavira alikuwa mlangoni na mzigo wa samaki mgongoni, anahama mguu huu na huu.

"Mama Bernadette, jua inaenda!"

"Ngoja!"

Anselme alifunga macho. Sikumwona, nilikuwa nimempa mgongo, waliniambia wanafunzi. Alifunga macho akaanza upya, akaeleza kama mtu anayemwongoza kipofu uwanjani kwake, hatua kwa hatua, bila haraka. Nikachora. Nikainua karatasi juu bila kugeuka, nikasikia darasa zima likipiga makofi. Dakika tatu baadaye matone ya kwanza yaligonga bati, lakini kadi ilikuwa tayari nyuma ya betri, na Mama Kavira ameshateremka.

Baada ya hapo, kimya. Mtihani ukafanyika. Wiki zikapita bila habari, na Anselme akarudi kwenye neno lake la Jumatatu, lakini sasa alikaa kidogo kwenye kiti cha wageni baada ya kulisema. Kisha asubuhi moja tukamsikia Mama Kavira kabla ya kumwona. Alikuwa anapanda mlima na madumu ya mawese mgongoni, anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ambayo hata ile simu yangu ingeshindwa. Alipofika uwanjani alipaza sauti: "Riziki iko na diploma! Iko na diploma, na benzake karibu bote!" Anselme alitoka darasani. Chaki ilikuwa imekatika mkononi mwake bila yeye kujua. Aliniangalia akalia mbele ya shule nzima, na mimi nikalia naye, na mkuu wa shule akatoa ruhusa ya siku moja ambayo haikuwa kwenye kalenda.

Tukamngoja Riziki arudi. Miezi ikapita, njia ikatulia, watu wakaanza kupita na pikipiki. Mke wa Anselme alifua mashuka. Badala ya Riziki ikaja barua, na hii ilianza na "Papa" na salamu za ukurasa mzima, kwa kila mtu na hata kwa kuku. Mwishoni aliandika: "Papa, hapa bado hakuna prof wa hesabu. Shule imeniomba nishike mwaka wa tatu na wa nne. Batoto ni wengi. Nimeitika. Usikasirike."

Alikasirika. Msiwaamini wanaowaambia kwamba mzazi hufurahi papo hapo. Aliniuliza mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemzuia kule, "Diploma ilikuwa ya kurudi nayo, ao hapana?" Mimi nilijua tu kwamba tungemwacha akose diploma, angekuwa amerudi zamani. Alikaa wiki mbili hivyo. Kisha akaomba ruhusa, akavaa lile koti la kijivu, akapanda pikipiki kwenda kumleta mtoto wake.

Alirudi peke yake. Aliingia ofisini kwangu, haikuwa hata Jumatatu, akavuta kiti akanisimulia yote, maana sasa alikuwa mtu wa kusimulia. Alifika pale shuleni kipindi kinaendelea. Shule ilikuwa ya mbao, dirisha halina kioo. Riziki alikuwa mbele, na ubao wenyewe ulikuwa mlango wa zamani uliopakwa masizi. Watoto walijaa mpaka sakafuni. Anselme alisimama nje karibu na dirisha, akasikia sauti ya binti yake ikisema: chora mustari wa kulala.

"Sikuingia," akasema. "Nilikaa ku jiwe, nikasikiliza mpaka mwisho. Hakuangalia ata kwa dirisha. Nilizani hakuniona. Mama Bernadette, anafundisha muzuri. Anafundisha muzuri kunipita."

"Na ulimwambia?"

"Nilimwambia." Akatoa kitambaa akafuta miwani, ambayo haikuwa chafu. "Nilimwambia pia kwamba ku zoezi la tatu kulikuwa kosa, alisahau alama ya kutoa. Nilingoja kwanza batoto bote batoke."

"Prof, na wewe! Mtoto hujamwona mwaka na zaidi, unaanza na kosa?"

"Njo vile niko," akasema. "Alicheka. Aliniambia: 'Najua, Papa. Ni pale njo nilikuona.'"